Goti, Manjano na Koti Jeupe

Jumatatu, 3 Machi
Goti limeumuka kama unga wenye hamira. Na wiki yenyewe ndiyo hii! Matroni wa zahanati anataka koti jeupe la mfano Ijumaa: moja langu, moja la shemeji, fundi mwenzangu wa chumba cha pili. Atakayemridhisha atashona yote arobaini. Shemeji ana cherehani ya umeme. Yangu ya kukanyaga, na mguu ndio huu. Muuza viungo kaniambia Wahindi wa kale, kwenye tiba yao ya Ayurveda, walituliza uvimbe kwa manjano. Shemeji kacheka, eti naunga goti mchuzi. Haya, tutaona.

Jumanne
Nimepima goti kwa tepu: inchi kumi na saba. Nimekoroga manjano na mafuta, nikapaka, nikafunga kitambaa ndani ya suruali. Mke wangu kanionya nisiguse kitu cheupe. Huyu mama na wasiwasi wake!

Jumatano
Kumi na sita na nusu! Koti tayari. Ila pindo nimelishonea mapajani, na sasa mgongoni mwa koti pana duara la njano kama sahani. Balaa! Nikalisugua kwa sabuni. Likageuka jekundu! Mke wangu kauliza nimemchinja nani. Nikatia ndimu: njano tena. Sabuni: jekundu. Ndimu: njano. Nimeendelea hivyo hadi ndimu zikaisha. Makubwa haya!

Alhamisi
Nimeanika koti juani, nikalilinda kutwa, mguu juu ya kigoda. Jua limelila doa lote! Koti jeupe pepepe. Goti kumi na sita kasorobo. Manjano oyee! Mke wangu kasema labda ni kule kupumzika.

Ijumaa
Asubuhi nimepaka maradufu, kwa kujihami. Zahanati foleni ndefu, koti nimelipakata. Matroni kulikunjua, lahaula! Duara lile lile. Hata hivyo kasifu mshono wangu kuliko wa shemeji. Kasema doa likitoka, kazi yangu. Si ningenyamaza? Nikaomba sabuni nimwonyeshe maajabu. Kwa kweli walishangaa wote, mpaka wagonjwa walisogea. Kazi kampa shemeji. Nimeumia.

Jumamosi
Shemeji kaleta makoti sita ya mwanzo nimtilie vifungo kwa mkono. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nimeinama. Kufika mchana, kifundo cha mkono kimevimba. Nikamwomba mke wangu aniletee manjano. Kakataa katakata. Nimekwenda mwenyewe, nimenunua kopo kubwa. Napaka huku makoti nimeyapakata, yasije yakaguswa na vumbi.