Historia Kavu ya Ploti Nambari Tisa

Inatangazwa kwa fahari kwamba mwaka huu wa 1979 tarafa yetu, hapa upande wa Mwingi, imepata Kitengo cha Historia ya Mafuriko. Mkuu wake ni mimi. Karani wake pia ni mimi. Kwa miezi sita rekodi zetu hazina furiko hata moja, na hiyo si bahati, ni kazi.

Utaratibu ni rahisi. Aliyefurikiwa hujaza fomu siku hiyo hiyo, nakala tatu, akazileta ofisini yeye mwenyewe, zikiwa kavu. Pasipo fomu, hapakuwa na mafuriko.

Basi akaja Syokau, fundi wa nguo pale sokoni. Alitaka kununua ploti nambari tisa, kando ya mto wa mchanga, ambao huwa mkavu karibu mwaka mzima, mali ya Bwana D.O. mwenyewe, mkuu wa tarafa yetu.

"Nitaishi huko na mama yangu, na yeye hawezi kukimbia," alisema. "Niambie ukweli, Bwana Karani. Maji imewahi kufika huko?"

Nikafungua faili. Ilikuwa tupu, safi, ya kupendeza.

"Haijawahi."

"Na zile takataka ziko juu ya miti?"

"Viota."

"Na ile sufuria?"

"Ndege wakubwa wapo, mama."

Akanitazama kama anayepima kitambaa kibovu. Nilichukia sana.

Bwana D.O. Ng'ang'a aliposikia kuna mnunuzi anayenusanusa, aliagiza kikao rasmi kwenye ploti yenyewe, ili ukavu wake uthibitishwe mbele ya umma. Tukabeba meza, viti na soda. Jua lilikuwa kali. Hapakuwa na wingu hata la dawa. Umma, kwa utovu wa nidhamu, ulikataa kushuka. Syokau na akina mama wenzake walisimama juu kwenye mwinuko.

"Bwana D.O., toka huko!" Syokau akaita. "Mto inakuja! Imenyesha huko juu!"

"Mvua ya tarafa nyingine," akajibu D.O., "ni jukumu la tarafa hiyo."

Nilipiga makofi. Sikuwa nimemaliza meza ilipoondoka na maji.

Mimi nilikumbatia mgunga, miiba na yote. Bwana D.O. alinipanda mabegani, kwa mujibu wa cheo. Kusema kweli niliogopa mpaka nikalia. Akina mama wakatupa kamba ya ng'ombe, D.O. akaidaka. Hawakuvuta.

"Bwana D.O.," Syokau akauliza kwa heshima zote, "maji imewahi kufika hii ploti?"

"Vuta, mama!"

"Nauliza tu kama mnunuzi."

"Imefika! Haki ya Mungu, imefika!"

"Mara ngapi?"

"Kila mwaka! Unafikiri naiuza kwa nini?"

"Aiya!" wakasema akina mama.

"Haya, vuteni," Syokau akawaambia. "Utafiti imeisha."