Ng'ombe wa Hillary na Lori la Marehemu Wamalwa

Jumanne, 12 Agosti
Nimeota tena. Lori la marehemu mume wangu Wamalwa linapanda kwenda Sirisia bila kelele, kama wingu. Mimi mbele, kitambaa cheupe kichwani. Nyuma ng'ombe wa mahari ya mjukuu wangu Hillary. Wakwe wanapiga vigelegele mpaka ukungu unapasuka.
Simu ikaniamsha. Dereva wangu Kipngeno, anayeniita kukhu, yaani nyanya, kama wajukuu zangu, amekwama njiani Kamukuywa! Ati kukhu, lori likianza safari linakimbia kama swara, mbele kidogo linakosa nguvu, mlimani linazima. Likipumzika, linawaka. Uvivu! Hata mimi nikipumzika nawaka.
Ng'ombe wanaenda Jumamosi. Wakichelewa, wakwe wataahirisha harusi. Jirani yangu Roselyne amejitolea kutupa lori lake, ati mimi nikae nyuma nishike mikia. Mikia! Mimi!

Jumatano, 13 Agosti
Kitale, gereji ya Noah. Kabla hajatoka kunisalimia nilitoa nailoni yangu kwenye mdomo wa tangi la dizeli, nikaificha kifuani. Siri yangu. Si kila mama akibeba maziwa kwa jerikeni hufunika na nailoni kwanza, halafu kifuniko? Halimwagiki tone. Nami nimefunika dizeli yangu, isivuje, isinukie wezi. Noah ataiga.
Akafunga geji ya kupima presha ya mafuta. Ati injini ya injekta inataka mafuta yaje kwa presha, yakija kwa unyonge injekta hazinyunyizi. Nikamwambia sikuja shule. Geji ikasema presha iko sawa. Akabadilisha filta hata hivyo.
Nje nikarudisha nailoni. Kufika Kiminini hapo, lori likazima. Fundi bure kabisa!

Alhamisi, 14 Agosti
Noah amebadilisha pampu. Nailoni kifuani, nailoni tangini. Lori limezima tena njiani.
Roselyne amepita akiimba wimbo wa kanisa, polepole, ili nisikie. Nikamwambia Hillary lori la huyo lilibeba nguruwe, ng'ombe wa mahari hawawezi kupanda humo. Akauliza nani ameniambia. Nimeota, bana! Ati kukhu, kwani hata nguruwe unaota? Mtoto hana adabu.

Ijumaa, 15 Agosti
Noah amesema lori halina shida gerejini, lina shida barabarani, kwa hivyo atapanda nasi. Sikupata nafasi ya kutoa nailoni. Geji akaifunga mbele ya kioo. Mahindi yalipita pembeni, marefu, yanayumba, nikaanza kusinzia. Kumbe sindano ya geji nayo inasinzia. Ikashuka, ikashuka, kama jicho la mtoto aliyebebwa mgongoni. Kufika Kamukuywa, injini kimya.
Noah akashuka, akafungua tangi. Fyuuu! Likavuta pumzi kama mtu aliyeibuka mtoni. Akavuta nailoni yangu. Ati mafuta yakitoka lazima hewa iingie, pampu ilikuwa inanyonya chupa iliyofungwa, ndiyo presha inaanguka. Gerejini haikuonekana kwa sababu nailoni ilikuwa kifuani mwangu, lakini hilo sikumwambia.
Akauliza nani ameweka. Kipngeno akatazama mawingu. Mimi pia nikatazama mawingu. Mazuri sana. Noah akanusa nailoni, akasema kukhu, hii inanuka maziwa. Nikasema wezi wa siku hizi hawaogi.

Jumamosi, 16 Agosti
Sirisia! Lori lilipanda kama kwenye ndoto. Mimi mbele. Mama wa bibi harusi wetu, Nasambu, alilia akiona ng'ombe. Harusi iko. Roselyne alikuja nyuma yetu, amekula vumbi lote, hata nyusi zilikuwa nyekundu. Nikampa maji ya kunawa. Mimi ni Mkristo.

Jumapili, 17 Agosti
Baada ya kanisa nililala chini ya mparachichi, nikaota lori linaimba. Nikaamka kulitazama kwa upendo. Nikaona kifuniko kipya cha tangi alichoweka Noah. Kina tundu! Dogo, katikati kabisa. Fundi gani anamwekea mjane kifuniko kilichotoboka?
Kesho tunaenda Sirisia kumleta Nasambu, na Roselyne ameomba nafasi. Atakaa nyuma.
Nimechukua kipande cha sabuni nikaziba tundu vizuri kabisa. Hapiti hata nzi.