Baa Tatu na Kopo la Rangi Nyekundu

Jumatatu, 3 Machi
Nimeanza kazi ya maana. Mchana nambebea mpima kopo la rangi. Yeye ananyoosha kidole, mimi nachora X nyekundu kwenye nyumba itakayobomolewa kupisha barabara. Jioni ni yangu: kukagua baa zote za barabara kuu na kuziandika humu. Miezi kumi na minne sijamwona mke wangu. Mtu lazima awe na kitu chake.

Baa ya kwanza, karibu na kituo cha mafuta. Bia ina joto kama maji ya kunawia uso. Meza inacheza. Nilimwambia mhudumu mimi ni mkaguzi. Akauliza, mkaguzi gani ana saruji masikioni? Sifuri.

Jumanne, 4 Machi
Baa ya pili. Redio inalia kama mgonjwa wa jino. Choo hakina mlango. Na ndicho kijiwe cha dereva wa greda wa kazini kwetu! Alipoona daftari akapaza sauti: jamani kaeni vizuri, Profesa wa darasa la tano anasahihisha! Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Sifuri. Na dereva sifuri yake peke yake.

Jumatano, 5 Machi
Nimeipata! Baa ya Dada Glasi, imejitenga kidogo na barabara. Jina nimempa mimi: kila glasi anaisuuza mara mbili, kisha anaiinua kwenye mwanga. Mjane. Viti sita, wateja wawili: mimi na paka.

Aliniuliza nina watoto wangapi, na wa mwisho anaitwa nani. Tangu nije huku hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilijibu huku nikitazama ukuta.

Anasema wateja wote wamefuata makelele ya dereva wa greda. Mambo yakiendelea hivi mwezi huu, atafunga. Haiwezekani! Kiti cha dirishani tayari ni changu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimedamka kabla ya wote. Rangi ilibaki kidogo. Nikamchorea nyota ya sifa ukutani, upande wa barabara, wapita njia waione waingie. Nyota naijua tangu shule: mistari miwili inapishana, kisha mmoja wa kusimama katikati. Huo wa katikati umetoka hafifu, rangi iliniishia. Si neno. Mwenye macho haambiwi tazama.

Ijumaa, 7 Machi
Dada Glasi kanivuta pembeni. Kaka, wewe ni mtu wa barabara, niambie ukweli, ile alama ni ya kwenu? Kifua kikanijaa. Nikamwambia ni ya kwetu kabisa, nimeichora kwa mkono wangu, haifutiki hata kwa mvua. Akatokwa na machozi. Wanawake wakifurahi! Akauliza ni lini. Nikamwambia ajiandae tu, kuanzia kesho watu watakuja wengi.

Jumapili, 9 Machi
Jana tulichimba mtaro mpaka jua linazama, sikupita. Leo nimevaa shati safi nikaenda. Hakuna baa! Nikadhani nimepotea njia. Dada Glasi mabati kayaezua mwenyewe, milango na mbao za kuta kaving'oa, kaondoka na lori kwenda kwa dada yake. Umebaki ukuta mmoja, wenye nyota. Paka kakaa chini yake, kanitazama kama hakimu.

Fundi viatu wa jirani kanikabidhi glasi moja. Imesuuzwa. Kasema Dada kaacha salamu: hana kinyongo na mimi, katika watu wote wa barabara ni mimi tu niliyemwambia ukweli.

Nyapara kapita akifoka. Mpumbavu gani kachora X hapa, nyumba iko hatua nane nje ya ramani! Nikasema simjui. Wala si uongo. Mimi sikuchora X.

Viti vyote sita kavinunua mwenye baa ya pili. Changu kakikalia dereva wa greda. Kaniambia: karibu Profesa, simama popote.

Nimewaza mchana kutwa, kosa nimelijua. Nyota ilikuwa ndogo, na rangi haba. Kesho tunahamia kipande kingine cha barabara. Nasikia kuna mama mmoja huko, baa yake safi, na anawajua wateja wake kwa majina. Nimeshaficha kopo la rangi chini ya kitanda. Limejaa mpaka juu!