Udongo wa Bure

Jumatatu, 3 Machi

Kiwanja kimepata mteja! Mwalimu mkuu mstaafu, anataka kujenga chekechea. Nimemtembeza kila kona. Nikamsimulia nilivyowahi kumuuzia mtu baiskeli yake mwenyewe, akanishukuru. Hakucheka. Akasema benki haitoi mkopo mpaka mtaalamu apime udongo, aone kama una sumu. Sumu! Palikuwa gereji yangu tu. Oili chafu tulimwaga nyuma, sehemu moja, kwa ustaarabu.

Mke wangu keshafunga vyombo kwenye maboksi, tayari kuhama. Tumebaki na sufuria moja. Chai ya leo ilinuka samaki.

Jumanne, 4 Machi

Mtaalamu kaja. Binti mwembamba, buti kubwa. Akauliza hapa palikuwa na nini. Bustani ya maua, nikasema. Na lile shimo refu la saruji? La kuogea bata. Akaandika! Nadhani kaniamini.

Kisha akaenda kuuliza majirani, tabia mbaya sana. Jirani ni shemeji, kaka wa mke wangu, naye anauza kiwanja chake. Kamweleza mpaka rangi ya gari la kwanza nililotengeneza. Eti liliondoka kwa kusukumwa. Mwongo mkubwa. Lilivutwa.

Binti atarudi Ijumaa na keekee ya kutoboa ardhi.

Jumatano, 5 Machi

Akili yangu ni hatari. Nihangaike na udongo mbaya, na mzuri upo? Nyuma ya karakana ya zamani ya betri za magari kuna lundo, jeusi, laini kama unga. Mwenyewe hakutaka chochote. Alipakia kwa mikono yake, akaniombea dua, akauliza kama nitarudi kesho. Watu wema bado wapo.

Nimefunika doa lote la oili. Shemeji kijicho kikamshika, akaomba wa kuoteshea maua ili kwake nako kupendeze. Nimempa. Mimi sina roho mbaya. Ila kabeba mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi

Nami nimeotesha maua. Kuku wa mtaani walikuja, wakautazama udongo, wakarudi walikotoka. Kuku hawana shukrani.

Ijumaa, 7 Machi

Maua yameinama. Nimemwambia binti yanasalimia wageni. Akatoboa huku, akatoboa kule, akajaza vichupa. Kwa shemeji pia, maana mwalimu anataka kulinganisha. Nikajitolea kumbebea vichupa mpaka maabara, nikiwa na vyangu mfukoni. Akakataa. Vijana wa siku hizi hawasaidiki.

Jumatano, 12 Machi

Majibu. Tulisimama wote kiwanjani, hata mke wangu. Binti akasema oili haikuzama sana. Ingechimbwa, ingetolewa, benki ingekubali.

“Mzee, uchafu wa chini ungesafishika,” akasema. “Huu udongo uliouleta juu ndio uliojaa risasi, yale madini ya kwenye betri. Ni sumu.”

Shemeji alicheka mpaka akashika uzio. Binti akafungua majibu ya upande wake. Udongo uleule, sumu ileile. Shemeji akauachia uzio.

Mwalimu hakugomba. Aliyatazama tu yale maua yangu.

“Ndugu yangu,” akasema, “watoto wa miaka mitatu hula udongo.”

Mke wangu akanitazama kama ndiyo kwanza ananiona.

Mwalimu katupatia nafasi ya mwisho. Udongo ubebwe na wanaojua kazi hiyo, ardhi ipimwe upya. Ikishindikana, anatafuta mtaa mwingine.

Jumatatu, 17 Machi

Wamekuja wenye glavu na barakoa, wakazoa kila kitu, pamoja na oili. Kazi safi. Shemeji hasemi nami. Humwambia dada yake aniambie, nami nimekaa hapohapo.

Binti kasema nisiguse chochote mpaka apime. Lakini pamebaki shimo, jamani, litamtisha mwalimu! Mke wangu ameanza kutoa sahani kwenye maboksi. Nimemwambia azirudishe, mumewe hajalala.

Udongo nimeshapata. Nyuma ya kile kiwanda cha rangi kilichofungwa. Mwekundu, una buluu kwa mbali, unang'aa wenyewe. Watoto wataupenda. Nilipomwambia mlinzi nauhitaji wote, hakuuliza hata jina langu. Ameshaanza kupakia.