Betri ya Pikapu Ihamie Jikoni Kwangu

Mitwero, Lindi

Kwa Shemeji Khamisi,
Mshauri wa Mazingira wa Ukoo Wetu,
Dar es Salaam.

YAH: PIKAPU YA KAKA YAKO HUSSEN

Assalaam alaykum, shemeji. Sisi wazima, na mazingira nayo hayajambo, kwani kaka yako anayashughulikia tangu alfajiri. Kichwa cha habari hapo juu kinanihusu mimi kuliko wewe, maana wewe uliiagiza pikapu tu, mimi ndiye ninayeishi nayo.

Utakumbuka kuwa korosho za msimu uliopita zilikuwa na ahadi yake. Hussen aliniahidi jiko la gesi, pamoja na mabati ya kuezekea chumba cha kupikia. Ndipo ukapiga simu, ukatueleza habari za hewa chafu, barafu inayoyeyuka huko iliko, na pikapu ya haibridi, inayotumia petroli pamoja na umeme inaoutengeneza yenyewe ikiwa njiani. Ulisema ni ghali kidogo kuliko pikapu ya kawaida, lakini itajilipa. Korosho zikaondoka, pikipiki ikaondoka, mbuzi wakaondoka, pikapu ikaja. Tunashukuru. Sasa kwa heshima zote naomba kuwasilisha malalamiko yafuatayo.

1. Kuokoa mafuta. Zamani Hussen alikwenda Lindi mjini mara moja kwa wiki, akarudi na mahitaji yote. Siku hizi anakwenda kununua kiberiti, anarudi, anakumbuka chumvi, anakwenda tena. Msikitini, ambako tukiwa uani tunamsikia imamu akikohoa, anakwenda kwa gari. Kila jioni ananiambia, "Mama Umi, leo nimeokoa mafuta mengi sana." Mimi niliyeshinda nyumbani sijaokoa hata tone.

2. Kilima. Ndani ya gari kuna kioo chenye picha ya betri na mshale. Gari likishuka mteremko, mshale hugeukia kwenye betri, na Hussen anaita hiyo kuvuna umeme. Tatizo, shemeji, ni kwamba hapa tulipo ni tambarare. Kwa hiyo anapanda kilima cha njia ya shambani ili apate kushuka. Jirani yetu Getrude, anayeuza samaki wa kukaanga, aliomba lifti ya kwenda sokoni na beseni lake. Akapandishwa kilima, akashushwa, kisha akapandishwa tena kwa sababu safari ya kwanza kulikuwa na ng'ombe njiani na mavuno hayakuwa mazuri. Alifika sokoni watu wameshakula, wanachokonoa meno. Nilimuuliza Hussen kama huko kupanda hakuli petroli. Akasema, "Mke wangu, wewe unatazama kupanda tu." Getrude sasa anakwenda kwa bodaboda, na salamu yangu anaiitikia kwa kichwa.

3. Ukimya. Pikapu ikienda polepole inatumia umeme na haina sauti kabisa. Jogoo wa jirani yetu mwingine, Mzee Severini, aliyezoea kukimbia akisikia injini, hakusikia kitu. Sisi hatukuweza hata kusaidia kumla, alikuwa kibudu, kafa chini ya gurudumu bila kuchinjwa. Severini akamla peke yake, kwa hasira. Tangu siku hiyo Hussen anapiga honi kuanzia uani hadi barabara kuu. Tumenunua gari lisilo na kelele, na mtaa mzima haupati usingizi wa mchana.

4. Kivuli. Ulimwambia betri haipendi joto. Akakata mikorosho yetu miwili ya uani, akapata nafasi na nguzo za banda la gari. Mazingira yanalala kivulini, sisi tunakaa juani tukiyaangalia.

5. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Sitaki nionekane mbishi: nimepima, na ni kweli pikapu hii inakula kidogo kuliko lile gari bovu la Severini, wala haitoi moshi mweusi. Lakini juzi Hussen alirudi kutoka shambani amepakia magunia ya mkaa mpaka juu, kwa kuwa huko bei ni nafuu na gari tunalo. Nyuma kuna ile stika uliyotuma, yenye jani la kijani na maneno "Rafiki wa Mazingira". Gunia moja lilikuwa limening'inia, limefunika maneno, likabaki jani. Nikamuuliza, na jiko la gesi je? Akanijibu kwa upole kabisa kwamba fedha yote tumeshaiweka kwenye hewa safi. Shemeji, niliingia kupika huku machozi yananitoka, sikujua yapi ni ya moshi na yapi ni yangu. Hewa safi iko barabarani. Mimi naipungia mkono ikipita.

Kwa hiyo naomba utume fundi aishushe betri aifunge jikoni kwangu, nami nipike kwa umeme wa mteremko. Wali nitauinjika Hussen akianza kushuka. Maharage yatahitaji mlima mrefu zaidi, pengine aende hadi Rondo. Ikishindikana, njoo ulichukue gari, uniletee jiko. Na hilo nalo likishindikana, mchukue Hussen mwenyewe. Nasikia Dar kuna madaraja ya kupanda na kushuka kila upande. Atavuna mpaka mkose pa kuweka.

Msalimie mkeo, watoto, majirani zako wote, na barafu yoyote iliyosalia kwa juhudi zetu.

Wako katika moshi,
Kidawa (Mama Umi)

Baada ya kusaini: Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nangoja mtu wa kuipeleka kwenye basi. Leo Hussen katoka asubuhi bila kuaga, nikajua ni yale yale. Alasiri nikasikia gari limefika, nikatoka na mwiko mkononi. Kiti cha mbele amekaa mama yangu, anayeishi kijijini Sudi. Unaijua hali yake: kifua hakivumilii moshi, basi likiwashwa tu anaanza kutapika, ndiyo maana tangu niolewe hajawahi kulala kwangu hata siku moja. Hussen kamfuata mwenyewe, kamleta polepole, madirisha wazi. Hakukohoa njia nzima. Kateremka kwa miguu yake, katazama nyumba, akaniuliza kwa nini siku zote nilimwambia kwangu ni mbali. Nikauficha mwiko mgongoni, Hussen naye akajifanya anakagua matairi.

Basi shemeji, gari usije kulichukua. Mama anataka kuuona mji wa Lindi sasa hivi kabla jua halijazama. Ameshafunga mkanda, na kiti cha mbele amekataa kunipisha.