Ombi la Wafagizi Kulala Kama Wanavyolala wa Ndani ya Mashine

Kwa Mheshimiwa Mhandisi Suhail,
Mkuu wa Idara ya Kiini, Ghorofa ya Nne,
hapa hapa Amman.

Yah: Haki ya kulala pale ambapo hakuna kazi

Mhandisi wangu,

Salamu na heshima. Mimi ni Hifni Abdulmaujud, mzaliwa wa Sohag kule Misri ya Juu, yule anayedeki ghorofa yako, ambaye juzi ulimwambia, "Hifni, ukifungua tena mlango huu nitahamia jangwani." Sikukasirika. Nilikuwa nimetumwa kuufungua, na ndiyo sababu ya barua hii. Shule niliiachia darasa la saba, kwa hiyo ukikuta neno limekaa vibaya, lisamehe. Nia imekaa sawa.

La haraka nalisema kwanza. Jumapili, Ami Shahat, aliye mzee kuliko wafagizi wote wa jengo hili, atasimama mbele ya kamati ya nidhamu, nawe ni mjumbe wa kamati hiyo. Kosa lake ni kwamba Bwana Munther, msimamizi wetu, alimkuta amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, kwenye ngazi alizokuwa amemaliza kudeki. Ngazi zilikuwa safi. Zilikuwa hata hazijakauka. Akitiwa hatiani kibali chake cha kazi kinafutwa, na mzee mwenye magoti kama yale anapandishwa basi la Akaba, kisha meli ya kwenda Misri, arudi mikono mitupu kwa watu wasio na mwingine wa kumtegemea. Nimekuandikia wewe kwa sababu nimegundua kuwa sheria ya kumwokoa umeitunga wewe mwenyewe.

Unavikumbuka vile vijisanduku vya mtandao mnavyouza, vilivyokuwa vikichemka kule Irbid hadi mwenye hoteli mmoja akawa anaanikia soksi juu yake. Wageni wake wote wamelala, hakuna anayetumia kitu, lakini feni za vijisanduku zinavuma kama zinataka kuruka. Mkatafuta chanzo kwa majuma. Mlivuta sigara pale barazani, nikazoa vishungi. Mwishowe mkakipata. Ndani ya kiini, yaani ile programu ya chini kabisa inayozitawala nyingine zote, mna wafanyakazi wa nyuma ya pazia. Najua si watu. Ni vijiprogramu, havina magoti. Vinasubiri kazi ndogondogo, kuandika hiki, kufuta kile. Kumbe vilipokosa kazi havikuwa vikitulia. Vilikuwa vinazunguka vikiuliza, "Kuna kazi? Kuna kazi? Kuna kazi?" na kule kuuliza kukawa kunaichosha mashine kuliko kazi yenyewe.

Uliwaambia wenzako nikiwepo, dekio mkononi: "Jamani, asiye na kazi alale. Kazi ikija ataamshwa. Kuzungukazunguka si bidii, ni joto tu." Mkarekebisha hivyo, vijisanduku vikapoa, mkaagiza sinia nzima ya kunafa, kile kitamutamu cha jibini na shira. Shira yake niliitoa kwenye zulia mimi.

Maneno yale yamenikaa kifuani. Kwa idhini yako, nayaweka malalamiko yetu mezani.

1. Kwamba nasi tunazungushwa. Tangu Bwana Munther aletwe, mfagizi asiye na kazi haruhusiwi kusimama. Apite ofisi kwa ofisi, agonge, afungue, aulize, "Kuna kazi?" Kamera za korido zinamwonyesha nani hatembei. "Mfagizi aliyetulia ni fagio," anasema, "na mafagio ninayo stoo." Basi tunagonga. Sidhani kama kuna mtu kwenye ghorofa yako aliyemaliza wazo lake tangu Ramadhani. Mhandisi Rula, ambaye kwa kawaida hana neno na mtu, alinitazama akasema, "Hifni, nilikuwa na kitu muhimu kichwani. Sasa nina sura yako." Nikamwomba radhi, nikaenda kugonga mlango wa pili.

2. Kwamba kupumzika hapa kuna majina mawili, kutegemea ghorofa. Mhandisi akiweka miguu juu ya meza na kuangalia dari, tunaambiwa tupite kwa vidole maana anafikiri. Ami Shahat akiangalia ukuta, ni mvivu. Nilimwuliza Bwana Munther tofauti iko wapi. Akasema, "Yule kichwa chake kinafanya kazi." Nikamwambia hata Ami Shahat anafikiri, anafikiria ngazi zilizobaki. Akasema, "Haya, we Mmisri, nawe kafikirie huku unatembea."

3. Kwamba kazi moja inatuamsha sote. Ndani ya mashine, kama nilivyowasikia, kazi moja ikiingia anaamshwa mmoja, wengine wanaachwa na usingizi wao, kwa sababu kuwaamsha wote ili mmoja afanye ni wazimu. Neno wazimu ni lako. Sasa sikia. Juzijuzi mgeni mmoja pale mapokezi alimwaga kahawa, kikombe kile kidogo cha kushikwa kwa vidole viwili. Tukaitwa wote kwa redio. Tuliteremka kutoka kila ghorofa, tukalizunguka doa lile na madekio yetu, tukadekiana viatu. Mgeni wa watu akaanza kutuomba msamaha mmoja mmoja, akampigia mkewe simu kumwambia atachelewa, kuna tatizo kubwa.

4. Kwamba nyinyi kwenye kioo cha kompyuta mna orodha ya wale wafanyakazi wenu, na aliyelala ameandikwa tu kuwa amelala. Hakuna anayemwonea haya. Kwetu sisi neno hilo halipo kwenye karatasi ya msimamizi. Kuna "anatembea" na kuna "mzembe". Mtu anayevuta pumzi tu hana mahali pa kuandikwa.

5. Kwamba tumechoka. Hili halihitaji maelezo.

Kwa hiyo tunaomba, kwanza, wafagizi wote tuondolewe Idara ya Majengo na kuhamishiwa Idara ya Kiini. Tuko tayari kuhesabiwa kuwa programu. Hatuli umeme, hatuchemki sana, na tukiharibika tunajirekebisha wenyewe kwa chai.

Tukishahamia kwako, tunaomba tutengewe mahali pa kulalia katika chumba cha mashine, kati ya makabati yale yenye taa za kijani. Kuna baridi, hilo tunalijua sisi tunaokideki kuliko wewe, ila mablanketi tutakuja nayo. Kazi ikiingia, aamshwe mmoja, aliye karibu, kwa kuguswa bega. Redio isitumike. Akimaliza arudi alale bila kuulizwa swali, kama wenzake wa ndani.

Na ombi kubwa kuliko yote: iandikwe katika kanuni kwamba yeyote anayemwamsha mfanyakazi bila kuwa na kazi ya kumpa, huyo ni hitilafu. Hitilafu mnajua namna ya kuzishughulikia. Mnaipa namba, mnaifuatilia hadi inakotoka, mnaiondoa, mnakula kunafa. Kwa heshima zote, Bwana Munther ni hitilafu. Siombi afukuzwe, ana watoto. Naomba arekebishwe. Akishindikana, mzimeni, msubiri kidogo, mmwashe upya, maana nimeona vifaa vingi humu vinapona kwa njia hiyo.

Hapo kesi ya Ami Shahat itakuwa imejimaliza. Kamati itamke tu kwamba siku ile mzee alikuwa katika hali ambayo mashine inaiita sahihi: kazi imekwisha, nyingine haijaja, mfanyakazi ametulia, jengo halichemki. Aliyekiuka utaratibu ni yule aliyempigia kelele ngazini. Mheshimiwa, mmewahurumia wafanyakazi wasio na miguu. Haiwezekani mshindwe kwa wenye miguu.

Nikitaraji kwamba utalisoma ombi hili kwa moyo ule ule uliovihurumia vijisanduku vya Irbid, nakutakia afya wewe na nyumba yako. Nisalimie Mhandisi Rula na wote wa ghorofa ya nne. Msalimie pia Umm Qais wa jikoni, anayetutilia majani ya maramia kwenye chai bila kuombwa, na walinzi wa lango la chini, na hata Bwana Munther, ukimkuta amesimama mahali.

Ni mimi wako mtiifu, kwa niaba ya madekio yote,
Hifni Abdulmaujud

Nyongeza: Mhandisi wangu, kabla sijaisukuma barua hii chini ya mlango wako niliona nimpe Mhandisi Rula aisome, nisije nikawa nimeisingizia mashine. Aliisoma yote. Alicheka alipofika kwenye kahawa, na pale kwa Ami Shahat akarudia kusoma. Kisha akasema, "Umeandika vizuri, Hifni, lakini ulisikia nusu ya marekebisho." Nikamwuliza nusu ya pili ni ipi. Akasema waliolala wanapokuwa wengi, na muda ukapita bila wao kuitwa, kiini kinaona hawahitajiki. Kinabakiza wachache, wengine kinawaondoa. Nikamwuliza wanakwenda wapi. Akasema, "Hawaendi popote. Wanafutwa. Kazi zikiongezeka wanaundwa wapya, haichukui hata kupepesa kope." Nikamwuliza kama kuna anayewauliza kwanza. Akanirudishia barua, akaniambia nichukue chai.

Kwa hiyo naomba hayo yote ya juu uyachukulie kama hayakuandikwa. Nimeyaacha kwa sababu karatasi ni hii moja. Hatutaki kuhamia Idara ya Kiini, tuko vizuri sana Majengo. Hakuna mfagizi aliyewahi kulala humu. Bwana Munther ni msimamizi mwenye jicho kali na hana hitilafu yoyote, isipokuwa siku ile ngazini mwanga ulikuwa hafifu, akadhani Ami Shahat amekaa. Mzee hakuwa amekaa. Alikuwa amechuchumaa akisugua kona, ndoo ikawa imepita chini yake. Sote tuko tayari kuapa mbele ya kamati, na tutakuja kwa miguu, haraka.

Kesho asubuhi nitapita kugonga kwako kama kawaida. Nikiuliza kama kuna kazi, nakuomba sana, Mhandisi wangu, usiseme hakuna.