Natafuta Dhambi ya Kutubu

Jumapili, 5 Agosti 1956

Aibu tupu! Baada ya ibada ndugu wa ushirika tulibaki kwa ushuhuda, kama kawaida. Akasimama Methusela, yule mpakiaji wa mkonge. Akaeleza alivyokuwa mlevi wa tembo, alivyolala mtaroni kule Usagara hata mbwa wakamlamba uso, mpaka Bwana akamwinua. Kina mama walilia. Ndugu wakaimba na kumkumbatia. Elizabeti akajipangusa macho kwa upindo wa kanga.

Nami nikasimama. Nikatubu kwamba juzi niliitukana cherehani yangu. Mtu mmoja akakohoa. Hakuna aliyeniimbia hata ubeti.

Hili si jambo la mchezo. Elizabeti ni binti wa Mzee Noa, mzee wa kanisa, naye amesema wazi kwamba hatamwoza kwa mtu ambaye moyo wake haujavunjika. Mimi nimekwisha kushona suti ya harusi, rangi ya majivu, mifuko minne. Methusela naye anamtaka Elizabeti. Hana hata shati la mikono mirefu, lakini dhambi anazo! Mimi malezi mema yameniponza. Mama alinilea vizuri mno huko milimani.

Lazima nipate dhambi kabla ya Alhamisi, siku ya mkutano wa ndugu.

Jumatatu, 6 Agosti

Sikushona kitu. Nimewaza dhambi mchana kutwa. Uzinzi? Hapana, Elizabeti atasikia. Uchawi? Mzee Noa ataogopa kunipa mkono. Ulevi Methusela amekwisha kuuchukua, lakini ndio unaoliza watu. Basi, ulevi. Ila sitaki kusema uongo mbele za Mungu. Nitalewa kwanza, ndipo nitubu. Mtu mwaminifu hufuata utaratibu.

Jumanne, 7 Agosti

Nilikwenda kwa mgema nje ya mji, kofia nimeishusha mpaka puani. Ili anipe tembo kali nikamsifu, nikasema habari zake zimefika mpaka Muheza. Nikasahau wahenga! Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Huyu alilitia kisima kizima. Nilikunywa kata baada ya kata, nikarudi nyumbani nimenyooka kama askari. Nilichopata ni tumbo la kuhara.

Hata dhambi ina watu wake.

Jumatano, 8 Agosti

Nimepata! Wizi! Mwaka jana Bi Mwamvua, mwenye nyumba wangu hapa Ngamiani, alipotelewa na jogoo mwekundu. Mimi nasema alichukuliwa na ngawa wa porini, na ngawa hatakuja kunikana. Bi Mwamvua mwenyewe ni Mwislamu, hafiki kwenye mkutano wetu. Dhambi safi kabisa, haina mwenyewe. Ndiyo, ni uongo. Lakini ni uongo mdogo, na nitautubu nikishaoa.

Alhamisi, 9 Agosti

Ushindi! Nilipiga magoti, nikasema mimi ni mwizi wa jogoo wa Bi Mwamvua. Sauti ikakatika yenyewe. Nilipoona wananisikiliza nikaongeza ndimu na tui la nazi. Nikaongeza kwamba kabla ya kisu jogoo alinitazama machoni. Mama mmoja akaangua kilio. Wakaimba beti zote! Elizabeti alinililia kuliko alivyomlilia Methusela. Methusela aliuinamisha uso. Wivu huo. Mzee Noa akanikumbatia mpaka nikakosa pumzi.

Kisha akatangaza kwa furaha kwamba kesho ndugu wote watanisindikiza kwa mwenye jogoo, nikamlipe mara nne, kama Zakayo.

Nilikuwa nimemsahau Zakayo.

Ijumaa, 10 Agosti

Fedha sina. Sadalla, muuza kuku wa sokoni, alikubali kunipa majogoo wanne kwa suti ya harusi. Niliikunja mwenyewe nikamkabidhi, macho nimeyafumba.

Tukaingia mtaani. Ndugu mbele wakiimba, mimi nyuma na majogoo wawili kila mkono, wananinyea suruali. Watu wote walitoka vibarazani. Nikamwamkia Bi Mwamvua shikamoo, nikaungama. Akanitazama, akawatazama majogoo, akanitazama tena. Kumbe tangu mwaka jana anamshuku jirani yake Mselem! Hawasemezani. Hata msiba ulipomfika Mselem, bibi huyu hakwenda kumpa pole. Na Mselem alikuwa amesimama pale pale. Aliniambia maneno ambayo sitayaandika katika shajara ya Mkristo.

Bi Mwamvua aliwapokea majogoo. "Haya Fundi, Mungu akusamehe," akasema. "Mimi bado nafikiri."

Jumamosi, 11 Agosti

Majogoo wanne wanawika chini ya dirisha langu. Hawawiki pamoja, wanapokezana.

Tangu asubuhi mlango unagongwa. Habari zimeenea kwamba kuna fundi anayelipa kuku mara nne. Wamekuja wenye kuku waliopotea, wenye mabata, na mmoja mwenye njiwa. Bibi mmoja kuku wake aliibwa enzi za Mjerumani, mimi sijazaliwa! Nimejifungia ndani, nawachungulia kwa tundu la ufunguo.

Jioni Mzee Noa alipita. Akasema kesho baada ya ibada ana neno la kusema juu ya binti yake. Wawike tu hao majogoo! Watawika na harusini.

Jumapili, 12 Agosti

Sijui nianzie wapi. Kabla Mzee Noa hajafungua kinywa, Methusela alisimama. Hakutaja mbwa wala mtaro.

"Jogoo wa Bi Mwamvua nilimwiba mimi," akasema. "Nilimpa mgema, nikanywea tembo. Tangu Alhamisi sipati usingizi, maana ndugu yangu anabeba mzigo wangu."

Akakaa. Kila mtu alisikia kwamba maneno yale ni ya kweli. Nami, naandika hapa kwa kuwa hapana wa kusoma, hata wakati ule nilimwonea wivu. Kisha ikanishika aibu ya kweli. Nilitaka kusimama niseme yote. Magoti yalikwisha kuinuka. Nikamtazama Elizabeti, yeye anamtazama Methusela. Nikakaa tena.

Mzee Noa akanigeukia taratibu. "Sasa, Kristofa, wewe ulikula jogoo gani?"

Nikasema pengine alikuwa jogoo mwingine. Hata watoto walicheka.

Nimetengwa na Meza ya Bwana. Nitakaa benchi la nyuma mpaka nitubu kosa la kudanganya katika toba.

Jumatatu, 13 Agosti

Posa ya Methusela imekubaliwa. Leo alikuja na suti yangu! Mzee Noa amemnunulia kwa Sadalla. Mabega yanambana, ameomba niyapanue. Nimeyapanua. Akaniombea, hapo hapo kwenye cherehani yangu.

Methusela naye amemlipa Bi Mwamvua mara nne. Asubuhi waliwika wanane. Nilimwomba bibi anirudishie wangu, akasema kilichotolewa kwa ajili ya Mungu hakirudi. Amepatana na Mselem, amempelekea jogoo mmoja na wali. Kisha akaniuliza kwa upole kama hakuna Mkristo mwingine mwenye kutaka kutubu.

Alasiri alikuja Beatrisi, mdogo wake Elizabeti, na gauni la kupunguza. Hakunicheka. Akasema Alhamisi nisimame tu, niseme nilidanganya kwa sababu ya wivu, basi, Mungu hahitaji zaidi. Akatabasamu. Ana vishimo mashavuni! Sijui macho yangu yalikuwa wapi siku zote hizi.

Nimekubali. Moyo umekuwa mwepesi, kweli kabisa. Alhamisi nitatubu. Nimekwisha kuyafanyia mazoezi maneno yenyewe mbele ya kioo: nilidanganya kwa sababu ya wivu. Ni ya kweli, lakini ni mafupi mno. Hakuna atakayelia. Nasikia kuna mzee mmoja kule Muheza alipotelewa na mbuzi. Muheza ni mbali.

Nitaongeza mbuzi.